Mfamasia Aliyenivunja Mtulinga

Kabla hatujawa marafiki, Mfamasia alinivunja mtulinga. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaomsifu siku hizi humsifu kama mama mpole, na mimi niliyemjua miaka mingi sikuwahi kuuona upole huo wanaousema. Nilichokiona ni kitu kingine, na mpaka leo sijakipatia jina.

Mimi ni fundi pikipiki. Gereji yangu iko Mji Mpya, hapa Morogoro, na famasi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na mimi. Mke wangu wakati huo alikuwa Mwanaidi, binti wa Kinole, na tulikuwa na watoto wanne. Uzazi wa mtoto wa nne ulikuwa mbaya. Alitoka damu mpaka wakamwongezea chupa mbili za damu ya watu wengine. Mtoto alipofikisha mwaka mmoja nikaanza kusema nataka wa tano, na Mwanaidi akawa ananyamaza. Miezi ikapita, mimba haikuja. Siku moja asubuhi natafuta betri ya tochi kabatini, nikafungua kopo la majani ya chai ambalo halikuwa na majani, nikakuta karatasi ya vidonge vya majira. Nusu vilikuwa vimeshamezwa.

Nilimpiga Mwanaidi. Sitalipamba neno hilo. Nilimpiga kwa mkono, halafu kwa mkanda, na Zuhura, binti yetu mkubwa aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Nilimuuliza Mwanaidi nani amempa vidonge na hakutaja mtu. Lakini jina la famasi lilikuwa kwenye bahasha ya vidonge. Nikaenda gereji, nikachukua spana kubwa kuliko zote, nikavuka barabara.

Mfamasia alikuwa akimweleza mzee mmoja jinsi ya kunywa dawa ya kifua. Nilimkatiza. Nilimuuliza kama ni yeye anayemfunga mke wangu kizazi. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mimi habari za mteja simwambii mtu. Hata mumewe. Hata polisi wakija na bunduki." Akamgeukia mzee wake, akaendelea na vijiko viwili asubuhi, viwili jioni.

Nilipiga kioo cha kaunta. Kilipasuka chote, na kipande kimoja kikamchana juu ya jicho. Mzee alikimbia. Nilinyanyua spana mara ya pili, na sitadanganya kwamba nilikuwa nalenga kioo. Nyuma ya mlango wa kuingilia kaunta kulikuwa na mchi wa kutwangia, mchi wa kinu kabisa, wa mti mgumu. Baadaye nilikuja kujua kwamba uliwekwa pale kwa makusudi na mimi sikuwa mume wa kwanza. Aliushika kwa mikono miwili, akanishushia begani. Niliusikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonichanganya. Aliniweka kwenye benchi lake. Damu ikimtiririka shavuni mpaka kwenye kanga, alikunja kitambaa cha pembe tatu akanifunga mkono vizuri kifuani, akaandika karatasi ya kwenda hospitali kwamba mgonjwa amevunjika mtulinga wa kulia, akanigongea muhuri. Halafu akapiga simu polisi. Yote matatu aliyafanya kwa utulivu uleule, kama mtu anayepanga makopo rafuni. Nilitibiwa, kisha nikalala mahabusu siku kumi na moja. Askari aliyeandika maelezo aliniambia kwamba yule mama ameeleza yote kuhusu kioo na spana, lakini alipoulizwa chanzo cha ugomvi, alisema chanzo ni siri ya mtu mwingine na wakitaka wamfunge na yeye.

Nilipotoka nyumba ilikuwa tupu. Mwanaidi alikuwa amechukua watoto na kupanda nao mlimani kwao. Sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mwanamke wetu akimwacha mume haendi kuombaomba, anarudi kwake. Nilimfuata na bega langu bovu. Aliyenipokea alikuwa mjomba wake, na mbele ya wazee nilitozwa mbuzi kwa kumwaga damu ya mwili ambao si wangu. Nililipa. Mwanaidi hakutoka ndani. Mjomba aliniambia watoto nitawaona wakati wa likizo, na kwa mengine niende nikakae na akili yangu.

Basi nikarudi kukaa na akili yangu ng'ambo ya barabara kutoka kwa mwanamke aliyenivunja, na kwa kuwa bega halikuniruhusu kufanya kazi, kwa wiki nyingi kazi yangu ikawa kumtazama.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kwa hatua ndefu. Famasi yake ilikuwa na benchi moja, pazia la bluu na redio. Aliyekuja kwa malaria alihudumiwa kaunta. Aliyekuja akaanza kutazama chini, au akasema anataka dawa ya tumbo huku macho yake yako kwenye rafu nyingine, alipelekwa nyuma ya pazia, na hapo redio ilipandishwa sauti mpaka sisi wa ng'ambo tukajua kuna jambo zito. Taarabu ikivuma saa nne asubuhi, ujue kuna mtu analia.

Wanaume walikuja na maneno yaleyale: nina rafiki yangu, mkojo unamchoma. Yeye aliwajibu kwamba rafiki huyo avue aibu na akae chini, na kesho amlete na mwenzake. Alikataa kumtibu mmoja peke yake akaishia hapo. Alisema ukimtibu mtu kisonono ukamwacha mwenziwe, umefukuza nyuki mzinga mmoja wakahamia wa pili, na jioni watarudi. Waliokasirika na kwenda duka jingine aliwafuata mpaka barabarani kwa maneno, ila hakutaja ugonjwa hata siku moja. Alitukana tabia, hakutukana maradhi.

Wanawake wa mlimani walikuwa wateja wake wakubwa. Walishuka kutoka vijiji vya huko juu vya Ruvuma na Mbete na matenga ya karoti na kabeji kichwani, wakauza sokoni, na kabla ya kurudi walipita kwake. Wasiosoma aliwachorea jua na mwezi kwenye bahasha. Aliwauliza watakificha wapi kidonge, na kama mahali penyewe ni pabovu aliwaambia. Ndiyo sababu najua hakuwa yeye aliyemshauri Mwanaidi kopo la chai. Angemwambia kwamba mwanaume atafungua kila kopo ndani ya nyumba isipokuwa lile linalohitaji kuoshwa.

Alizisoma alama za kipigo kama wengine wanavyosoma mwandiko. Mama mmoja aliingia na shavu la kulia limevimba akasema ameanguka bafuni. Mfamasia alimtazama, akamuuliza mumewe, ukiacha kula ugali, hutumia mkono gani, maana aliyempiga ni mtu wa kushoto. Yule mama akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Mwingine wa Mbete alikuja anatapika, mumewe alikuwa ameikuta karatasi nzima ya vidonge akamshika taya na kumlazimisha kuvimeza vyote mara moja, ili, kama alivyosema, azae mawe. Mfamasia alikaa naye sakafuni na ndoo mpaka alasiri, akimwambia hatakufa, atachafuka tu roho. Kesho yake mume huyo alikuja na panga. Nilimwona tangu kona ya msikiti. Sikujua naelekea wapi mpaka nilipojikuta nimesimama katikati ya barabara, mbele yake, na bega langu bovu. Nilimwambia mimi nilishaingia mle na chuma na huu ndio mkono niliotoka nao. Alinitukana sana. Lakini alirudi.

Mfamasia aliona yote kutoka kaunta, na hakunishukuru. Siku tatu baadaye alivuka barabara yeye mwenyewe, mara ya kwanza.

"Fundi," alisema, "jenereta langu limekataa. Bega limepona?"

Nilimwambia halipandi juu. Alinishika mkono akaupandisha hadi nikapiga kelele, akanionyesha jinsi ya kuutambaza ukutani kila asubuhi. Nilitengeneza jenereta. Nilipomaliza nikajikaza nikamuuliza kile nilichokuwa nimekaa nacho miezi yote ile: vile vidonge vinafunga kizazi au havifungi? Alinijibu kwamba maswali yanaulizwa kwenye benchi kama watu wengine.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye foleni katikati ya akina mama watano walionijua vizuri mimi ni nani na nimefanya nini. Hakuna aliyenisemesha. Nyuma ya pazia alichukua boksi la dawa, akalipasua, akachora tumbo la mwanamke upande mweupe. Alinieleza yai, alinieleza kidonge kinafanya nini, akanieleza kwamba mwanamke akiacha anaweza kushika mimba tena. Halafu akaanza kuuliza yeye. Mwanamke aliyezaa mara nne, akatoka damu mara ya nne, ya tano inaweza kumfanyaje? Nilisema sijui. Aliniambia. Aliniambia kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, na hakuniachia nafasi ya kutazama pembeni.

"Hizo chupa mbili za damu," akasema, "nani alitoa?"

Sikuwa najua. Siku ile nilikuwa gereji, nina pikipiki ya mteja. Hakutaja jina la Mwanaidi, wala hakukubali kwamba amewahi kumwona. Alisema tu kwamba shamba tunarithi kwa mama, lakini mwili haturithi kwa mtu yeyote. Kisha akaita anayefuata.

Hivyo ndivyo tulivyoanza urafiki, kama ulikuwa urafiki. Nilimtengenezea jenereta, feni, kufuli. Alinipa maneno makali na chai ya tangawizi. Alipotaka kuwafundisha vijana wa bodaboda namna ya kuvaa kondomu, aliwaleta gerejini kwangu, akachukua mpini wa bisibisi yangu kubwa akawaonyesha mbele ya mafundi wote bila kutabasamu. Hakuna aliyecheka mpaka alipoondoka.

Usidhani alikuwa mtu wa amani. Alipenda ngumi kuliko mwanaume yeyote wa mtaa wetu. Siku ya pambano alifunga mapema, akaja kwenye kibanda cha televisheni na kiti chake, akakaa mbele. Alijua nani ana mkono mzito na nani anajua kujikunja. Bondia akiangushwa alisimama na kumpigia mayowe aamke, na asipoamka alimtukana. Nilimuuliza siku moja inakuwaje yeye anayewachukia wapigaji anapenda kupigana. Alinijibu kwamba ulingoni wawili wamekubaliana, wana uzito mmoja, na kuna mtu wa kusema basi. Nyuma ya shingo alikuwa na kovu refu, limekunjamana. Akiulizwa alisema ni jiko. Hakuna jiko linalofika pale.

Na alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, hilo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililomtafuna.

Palikuwa na binti mmoja, mfanyakazi wa ndani kwa mfanyabiashara wa mchele mtaa wa juu yetu. Alikuwa ametoka Kisaki, umri wa miaka kumi na tisa hivi, mwembamba, mwenye sauti ya kujificha. Alikuja kununua kidonge cha dharura, kile cha kumeza ndani ya siku tatu. Akaja tena. Akaja tena. Mara ya nne, yote ndani ya miezi miwili, famasi ilikuwa imejaa, umeme umekatika, Mfamasia amesimama tangu asubuhi bila kula. Mimi nilikuwa pale natafuta plasta ya kidole. Binti alinong'ona. Na Mfamasia, ambaye miaka yote ile hakuwahi kutaja dawa ya mtu mbele ya mwingine, alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba hiki kidonge si pipi, na msichana asiyejua kujifunga kanga asije kumaliza dawa za watu. Binti alisema kitu, sikukisikia. Mfamasia akamzaba kofi.

Binti alishika shavu. Hakulia. Alitoka, na hakuchukua kidonge.

Nilimwona Mfamasia akiutazama mkono wake. Nadhani alijua wakati uleule. Alipita kaunta, akatoka mpaka barabarani, akatazama kulia na kushoto, na binti hakuonekana. Jioni alikwenda mpaka kwenye geti la yule mfanyabiashara akaambiwa binti amelala. Alikwenda tena kesho yake, akaambiwa amesafiri.

Baada ya wiki kama sita alikuja dereva wa bajaji mbio, saa nane mchana, akasema ana msichana nyuma anavuja damu na hajui ampeleke wapi. Alikuwa ni yeye. Alikuwa ameshika mimba, akaenda kwa mtu anayeuza mizizi akapewa cha kunywa na cha kujiweka ndani. Mfamasia alipanda bajaji ile, akamlaza binti mapajani, na mimi nikatangulia na pikipiki kufungua njia mpaka hospitali. Nilipogeuka kwenye mzunguko niliona kanga yote ya Mfamasia imekuwa nyekundu, na mdomo wake ukimsemesha yule binti bila kupumzika.

Madaktari walijitahidi. Aliishi siku tatu. Siku ya pili alipata nguvu ya kuzungumza, na akamweleza Mfamasia na muuguzi mmoja, na baadaye askari wa kike, kwamba hakuwahi kuwa na mwanaume. Baba mwenye nyumba alikuwa akimwingilia kwa nguvu chumba cha kufulia, mke akiwa sokoni, na kila mara alimpa yeye binti hela akanunue kidonge. Siku ile ya kofi, kile alichokisema na mimi sikukisikia kilikuwa, "Siyo mimi, mama."

Tulipomzika ndugu zake walikuja kutoka Kisaki kwa basi, watu wanne tu. Mfamasia alisimama nyuma kabisa. Wiki nzima hakufungua duka. Alipofungua alikuwa amebandika ukutani, nyuma ya pazia, maneno mawili kwa mkono wake: Uliza kwanza. Sisi tulidhani ni ya wateja.

Yule mfanyabiashara aliposhtakiwa, Mfamasia alikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Jamaa za mshtakiwa walimtumia watu kumbembeleza, wakamtumia watu kumtisha, na katika watu hao wengine walikuwa wateja wake, waliokunywa dawa zake. Aliambiwa kwamba akisimama kizimbani, yeye naye ataulizwa kwa nini alimpiga marehemu. Alisema ndiyo, ataulizwa, na atajibu. Na kweli aliulizwa. Nilikuwa nimekaa nyuma. Wakili wa mshtakiwa alimuuliza kama ni kweli alimpiga binti huyo hadharani na kumwita malaya. Alijibu kwamba hakutumia neno hilo, ila alitumia mkono, na mkono ulisema neno hilohilo.

Kesi ikiwa bado inaendelea walikuja kumvunja. Ilikuwa Jumanne, jua kali, saa nne asubuhi, watu wamejaa barabarani. Wanaume watatu waliteremka kwenye gari dogo, wawili ni wadogo zake mshtakiwa. Hawakusema kitu. Wa kwanza alipindua rafu, wa pili akaanza kupiga makopo na chupa kwa nondo, dawa za maji zikamwagika hadi mtaroni zikiwa nyekundu na kijani. Mfamasia aliushika mchi wake lakini walikuwa watatu. Walimburuta mpaka mlangoni. Wa tatu akamshika mkono wa kulia, akauweka kwenye kizingiti, na mwenzake akalishusha geti la chuma la kufungia duka kwa nguvu zake zote. Mara mbili.

Sikumbuki kuvuka barabara. Nakumbuka chuma mkononi mwangu, na nakumbuka kichwa cha yule aliyeshusha geti kilivyogeuka nilipompiga. Wenzake walikimbia, yeye alianguka. Nilimpanda kifuani. Nilimpiga taya, nilimpiga tena, na katika kupiga kule kulikuwa na raha, naisema hivyo kwa sababu ni kweli, raha ileile niliyoijua siku ya Mwanaidi. Watu walikuwa wamesimama wananitazama kama wanavyotazama pambano. Kisha nikasikia sauti ya Mfamasia kutoka chini, amekaa kwenye vioo, mkono wake umening'inia kama nguo.

"Basi," alisema. "Fundi. Basi. Huyo ameshalala."

Niliendelea mara moja zaidi. Halafu nikaacha. Yule kijana aliishi, ingawa hasikii sikio moja. Mfamasia, kwa mkono uliobaki, alimlaza ubavu ili asisongwe na damu yake, akamfuta mdomo. Ndiye huyohuyo aliyekuwa amemvunja vidole dakika tano kabla. Mimi nilitapika mtaroni, juu ya zile dawa.

Mfanyabiashara alifungwa, na ndugu zake nao wakafungwa. Mimi sikushtakiwa, maana mtaa mzima ulishuhudia nani alianza. Lakini vidole vitatu vya Mfamasia havikurudi kunyooka, na mtu wa dawa bila vidole hawezi kazi. Kidonge kilimponyoka kikabingirika sakafuni, na wateja wakainama kumwokotea, na hilo hakuliweza. Alivumilia kama mwaka mmoja. Alijaribu kuniuliza kama naweza kumtengenezea kifaa cha kuhesabia, nikatengeneza kimoja cha bati, hakikufaa. Asubuhi moja nilifungua gereji nikakuta famasi ina bango la kupangisha. Watu walisema amekwenda kukaa kwa dada yake Mikese.

Nilimwona mara moja tu tangu hapo. Mwaka jana nilikuwa naenda Dar es Salaam kufuata vipuri, na basi letu likapasua tairi Mikese. Tuliteremka wote tukakaa kivulini mwa maduka. Nilipomuulizia Mfamasia, mama muuza mahindi alininyooshea nyumba ya tatu kutoka barabarani. Alikuwa kibarazani, amekaa kwenye mkeka, na mbele yake msichana mmoja wa shule ya ufundi akizungumza kwa sauti ya chini. Nilisimama mbali mpaka wakamaliza. Nilimsikia akimwelekeza zahanati, na amtafute muuguzi yupi, na aulize nini, na akubali jibu gani na akatae lipi.

Nilimwamkia. Alikuwa amezeeka kwa ghafla, uso umeingia ndani. Aliniuliza bega. Aliniuliza kazi. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza miaka yote tuliyotazamana.

"Na Mama Zuhura mliishia wapi?"

Nilimweleza. Kwamba yuko Kinole kwenye shamba la mama yake. Kwamba watoto wanakuja, wanakwenda. Kwamba nililipa mbuzi, wazee wakakaa, mjomba wake akaridhika, na sasa tunasalimiana vizuri misibani.

"Sikuulizi wazee," alisema. "Yeye ulimwambia nini?"

Nilifikiri. Nilitafuta. Miaka kumi, na nilikuwa nimemwambia mjomba, nimewaambia wazee, nimemwambia Mungu, nimemwambia hata Mfamasia mwenyewe. Nikasema sijamwambia kitu.

Aliitazama barabara kuu, malori yakipita. Akasema, "Yule binti wa Kisaki nilikaa naye kitandani siku tatu. Nilimuuliza jina la mtu, nilimuuliza lini, nilimuuliza mara ngapi, ili kesi isimame. Na kesi ilisimama. Kuhusu kofi sikumwambia kitu. Kila asubuhi nilisema nitamwambia akipata nguvu." Alinigeukia. "Mimi wangu hayupo, Fundi. Wako anapumua."

Basi lilipiga honi, tairi limeshafungwa. Nilimuaga na hakuniaga vizuri, alishamgeukia mtoto wa dada yake kumwambia aanue nguo. Nilifika kwenye mlango wa basi, kondakta akanishika mkono anipandishe. Nikamwambia waende. Nilivuka barabara, nikasimama upande wa magari yanayorudi Morogoro.

Nilifika Kinole siku ya pili, kabla ya adhuhuri, na pikipiki ya kuazima. Mwanaidi alikuwa nyuma ya nyumba anabandua maganda ya mdalasini kwa kisu, miguu ameinyoosha. Aliponiona aliuliza kama kuna mtoto mgonjwa. Nilisema hakuna. Sikukaa, kwa sababu sikukaribishwa. Nilimwambia nilimpiga, kwamba hakuwa na kosa, kwamba vile vidonge vilikuwa haki yake na mwili ulikuwa wake, na kwamba siku aliyoongezewa damu mimi nilikuwa natengeneza pikipiki. Nilisema naomba radhi.

Kisu hakikusimama. Alimaliza ganda lile lote, akaliweka juani, akachukua jingine.

"Nimesikia," alisema mwishoni. "La kusamehe, kama nitasamehe na lini, niachie mimi."

Nilimwambia ni haki yake. Nikapanda pikipiki nikateremka.